Anayeyumba si lazima awe mlevi: AVC ya shina la ubongo

Ndugu wafanyakazi, mama wa kambi, na ninyi vijana mnaowasomea wazazi ukurasa huu jioni,

Kila mtu hapa anaijua AVC ya kawaida, ile ambayo wenzetu wa upande wa bahari wanaiita kiharusi. Baba anaamka asubuhi, mkono na mguu wa upande mmoja umekufa, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Hata mtoto wa darasa la tatu akiona hivyo atapiga mbio kumwita jirani. Lakini iko AVC nyingine isiyokuwa na sura hiyo. Mtu anashikwa na kizunguzungu kwa ghafula, anatapika, anayumba, anasema kama mwenye ulimi uliovimba, anamwona kapita wake mara mbili. Ukimwambia afinye mkono wako, anafinya kwa nguvu, wa kuume na wa kushoto. Mdomo haukupinda. Basi langoni mlinzi anasema: «Huyu amekunywa lutuku.» Nyumbani wanasema: «Ni malaria, mpeni kinini.» Bibi mzee anasema kuna jirani aliyemtazama vibaya. Na wakati huo wote damu haifiki pahali pake.

Pahali hapo ni shina la ubongo. Ni sehemu inayounganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo, nyuma ya shingo kwa juu, ndani ya fuvu. Si kubwa: urefu wake haupiti kidole, na unene wake ni kama kidole gumba. Lakini ndani ya kidole hicho mna kupumua, kumeza, kuamka usingizini, kutembeza macho, na kamba zote zinazopeleka amri ya ubongo kwa mikono na miguu. AVC ndogo kama punje ya mahindi, ambayo katika ubongo mkubwa pengine mwenyewe asingeisikia, ikianguka hapa inaweza kumlaza mtu. Katika kila AVC tano za kuziba mshipa, karibu moja inatoka katika mishipa ya nyuma inayolisha shina hili na ubongo mdogo. Si jambo la nadra.

Wale wanaoshuka chini ya udongo wataelewa upesi. Fikirini shimo la mgodi lenye nivo tatu. Katika shimo zinapita kebo kubwa zinazoshuka toka juu mpaka chini. Na katika kila nivo kuna galeri zake na taa zake. Taa ya nivo ya pili ikizimika, fundi wa umeme hatafuti hitilafu katika nivo ya tatu. Na kama taa ya nivo ya pili imezimika pamoja na mashini zote zinazolishwa na kebo moja, fundi anajua kwamba kebo imekatika palepale, mbele ya ile taa. Munganga naye anafanya hivyohivyo. Kebo kubwa zinamwambia upande gani umeharibika. Taa zinamwambia nivo.

Taa zetu ni neva za kichwa. Ziko kumi na mbili, na waganga wanazihesabu kwa namba tangu juu. Namba 1 na 2, za kunusa na kuona, ziko juu ya shina, tuziache. Nivo ya juu ina namba 3 na 4: ndizo zinazoinua kope na kugeuza jicho. Nivo ya katikati, ambayo Wafaransa wanaiita daraja, ina namba 5 mpaka 8: ngozi ya uso, jicho kutazama nje, misuli ya uso, masikio na usawa wa mwili. Nivo ya chini ina namba 9 mpaka 12: koo, sauti, kumeza, mabega, ulimi.

Sasa sikieni jambo ambalo ndilo ufunguo wa ugonjwa huu. Kebo kubwa ya nguvu inavuka. Ile inayotoka ubongo wa kuume inashuka katika shina upande wa kuume, na karibu na mwisho wa shina, chini kabisa, inavuka kwenda kushoto na kuamuru mkono na mguu wa kushoto. Lakini neva za uso na ulimi zinatoka katika shina na kwenda upande uleule. Maana yake: shina likiharibika upande wa kuume, uso au jicho au ulimi unaugua kuume, na mkono na mguu unaugua kushoto. Uso huku, mwili kule. Ukiona msalaba wa namna hiyo, fikiria shina la ubongo kwanza. AVC ya ubongo mkubwa kwa kawaida inaharibu uso na mkono wa upande mmoja pamoja.

Waganga waliona misalaba hiyo zamani, kabla ya mashini yoyote ya kupiga picha ndani ya kichwa. Katika mwaka 1856 Wafaransa wawili, Millard na Gubler, waliandika juu ya wagonjwa waliopooza uso upande mmoja na mkono na mguu upande wa pili: hitilafu ilikuwa katika daraja. Katika mwaka 1863 Hermann Weber akaeleza mgonjwa ambaye kope limeanguka na jicho limetazama nje upande mmoja, huku mkono na mguu wa upande wa pili umelemaa: nivo ya juu. Hawakuwa na kitu ila macho na subira ya kumwuliza mgonjwa maneno. Wakati mwingine walingoja mpaka mgonjwa afe, wakapasua, wakathibitisha. Ninawaheshimu.

Katika mwaka 2005 munganga mmoja wa neva wa Australia, Peter Gates, alitengeneza hesabu nyepesi kwa sisi tusio waganga wa neva. Anaiita kanuni ya nne. Neva nne katika nivo ya chini, nne katika daraja, nne juu ya hapo. Kamba nne katikati ya shina, kamba nne pembeni. Na neva zilizo katikati ni zile ambazo namba yake inagawanya 12 bila kubakiza: 3, 4, 6 na 12. Zinazobaki katika shina, tangu 5 mpaka 11 ukiondoa ile 6, ziko pembeni. Mtu aliyejifunza kazi ya ufundi atapenda hesabu kama hiyo, inakaa kichwani.

Kamba za katikati zikikatika, mkono na mguu wa upande wa pili unapoteza nguvu, na mtu hajui tena mguu wake uko wapi akifunga macho. Kamba za pembeni zikikatika, nguvu inabaki, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kamba ya kwanza ya pembeni ni ile inayopima miendo: ikiharibika, mkono na mguu wa upande uleule unakosa shabaha, mtu anayumba kama mlevi. Ya pili inabeba maumivu na joto la upande wa pili wa mwili. Ya tatu inabeba maumivu na joto la uso, upande uleule. Ya nne inalinda jicho: ikikatika, kope linashuka kidogo na mboni inakuwa ndogo kuliko ya jicho lingine.

Wekeni kamba hizo nne za pembeni pamoja na neva za koo za nivo ya chini, na mtapata ugonjwa ambao Adolf Wallenberg, munganga wa mji wa Danzig, aliueleza katika mwaka 1895, akauthibitisha kwa kupasua maiti katika 1901. Ndio ninaotaka mwujue kuliko mingine yote, kwa sababu ndio unaopita langoni kwa jina la ulevi.

Mgonjwa wa namna hii tulimpokea. Mtu wa miaka 50 na zaidi, fundi wa kulehemu, hanywi. Alimaliza posti ya usiku, akafika nyumbani, nyumba ikaanza kuzunguka. Alitapika mara nyingi. Alipokunywa maji, yalirudi kwa pua. Sauti ikawa ya kukwaruza. Kwikwi ikamshika, haikutaka kwisha. Mkewe alimsaidia kuoga na maji ya moto, na hapo ndipo mgonjwa mwenyewe akasema neno lililotusaidia: «Mama, upande huu maji ni ya moto, upande huu ni kama baridi.» Mwili wake wa kushoto haukusikia moto. Katika uso ilikuwa kinyume: shavu la kuume ndilo lililokuwa na ganzi. Kope la kuume lilikuwa limeshuka kidogo. Mikono na miguu ilikuwa na nguvu kamili, lakini alipojaribu kusimama alianguka kuume. Sasa fuateni kama fundi wa umeme. Ganzi ya shavu, kope, na kuanguka, vyote kuume: hitilafu iko kuume. Moto haukusikika kushoto, hilo linakubaliana. Nguvu haikupotea: basi ni pembeni, si katikati. Koo na sauti: nivo ya chini. Pembeni ya nivo ya chini, upande wa kuume. Jibu limepatikana bila mashini, na lilipatikana kwa sababu mama yule hakuona haya kurudia mbele ya munganga maneno ya mumewe ya bafuni.

Kwa hiyo mama, ukimleta mgonjwa, usiseme tu «ana kizunguzungu». Sema ilianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini, maji yalirudi kwa pua au hapana, anaanguka upande gani, anaona vitu viwili viwili au hapana. Mambo hayo matano yanafaa kuliko barua ndefu.

Mmoja atauliza: kila kizunguzungu ni AVC? Sivyo. Vingi vinatoka katika sikio, na vinginevyo katika homa, njaa, upungufu wa damu, au kinini chenyewe, ambacho kinaleta mlio wa masikio na kuzungusha kichwa. Lakini mwenye ugonjwa wa sikio kwa kawaida anaweza kutembea akishika ukuta. Yule ambaye hawezi kusimama hata kidogo, au hawezi kukaa kitandani bila kuanguka, huyo apelekwe hospitali. Vilevile yule ambaye kizunguzungu chake kimekuja pamoja na kimoja cha hivi: kuona viwili, ulimi mzito, kumeza kwa shida, uso kufa ganzi, maumivu mapya makali ya kisogo. Na chini ya udongo kuna neno lingine: kama watu wawili au watatu wa kundi moja wanaumwa kichwa na kuzungukwa baada ya mabomu ya kupasua mwamba, msifikiri AVC. Ni moshi na gesi. Tokeni wote kwanza, kiisha mwite wasaidizi.

Sasa turudi langoni, maana hapa maisha ya mtu na mkate wa watoto wake vinategemea neno la mtu mmoja mwenye haraka. Ninajua kazi ya mlinzi na ya kapita si rahisi. Mlevi karibu na mashini anaua wenzake, lazima azuiwe. Lakini kumzuia si kumfukuza kwa miguu arudi nyumbani peke yake. Mtu anayeyumba akalishwe chini. Mwulizeni jina na siku. Mtazameni macho: je, yote mawili yanafuata kidole kwa pamoja, au moja linabaki nyuma? Mboni ni sawa? Atoe ulimi nje: umekwenda upande? Aguse pua yake, kiisha kidole chenu, kwa mkono huu na ule. Mlevi anakosea mikono yote miwili. Mgonjwa wa shina mara nyingi anakosea mmoja zaidi. Kiisha apelekwe dispansere, hata kama ananuka pombe, kwa maana aliyekunywa naye anaweza kupata AVC, na pombe haimkingi. Dispansere itampima tansio na tone moja la damu kidoleni kwa ajili ya sukari, kwani sukari ikishuka sana inaiga AVC na ulevi pia, na huyo anaponyeshwa kwa dakika chache.

Vijana nao wasijione salama. Mishipa miwili inayolisha shina inapanda ndani ya mifupa ya shingo. Shingo ikipigwa au ikigeuzwa kwa nguvu, ngozi ya ndani ya mshipa inaweza kupasuka, damu ikaganda pale, na AVC ikaja baada ya saa chache au siku kadhaa. Aliyeangukiwa na jiwe juu ya kofia, au gari lake limegonga, akapata maumivu ya shingo yasiyokuwa ya kawaida, kiisha kizunguzungu: mwambieni munganga habari ya shingo, hata kama ni ya juma lililopita. Na wale wanaonyosha shingo za wenzao mpaka zilie «ka!» waache mchezo huo.

Kuna namna moja inayotisha kuliko zote. Mishipa ile miwili inaungana kuwa mmoja mbele ya daraja. Huo mmoja ukizibika, au damu ikipasuka ndani ya daraja kwa sababu ya tansio, mtu anaweza kupoteza mikono, miguu, uso na sauti, vyote, huku akili ikibaki nzima. Anasikia. Anaelewa. Hawezi kujibu, isipokuwa kwa kufunga macho au kuyainua juu. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, mkubwa wa gazeti la Elle, alipatwa hivyo tarehe 8 Desemba 1995. Aliandika kitabu kizima kwa kupepesa jicho la kushoto: mwenzake alimtajia herufi, naye akapepesa ilipofika ile aliyoitaka. Kitabu kilitoka katika 1997, na mwaka huo huo akafa. Kwa hiyo, ndugu, msimlilie mtu kitandani na kugawana vitu vyake mbele yake. Kwanza mwambieni polepole: «Baba, ukinisikia, tazama juu.» Ngojeni. Jaribuni tena kesho.

Ikiwa mnashuku AVC, mlazeni ubavuni, kichwa kimeinuka kidogo, matapishi yasiingie kifuani. Msimpe chakula, wala maji, wala uji, wala kidonge chochote. Katika ugonjwa huu koo linadanganya: mtu anameza na chakula kinakwenda katika mapafu bila hata kukohoa, na wengi wanakufa kwa mapafu wala si kwa ubongo. Aspirini msimpe nyumbani, kwa kuwa hakuna mtu anayejua kwa macho kama mshipa umezibika au umepasuka, na kama umepasuka aspirini itaongeza damu. Dawa ya tansio ya jirani vilevile iacheni: tansio ikishushwa kwa nguvu, shina linakosa hata ile damu kidogo iliyobaki. Chale na dawa za kunusa ziwekwe kando. Ninawaheshimu wafumu kwa mambo mengine, lakini katika jambo hili wanakula saa za mgonjwa.

Saa zenyewe ni chache. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mtu alipoonekana mzima mara ya mwisho, na lazima picha ya kichwa ipigwe mbele. Mshipa mkubwa wa mbele ya daraja ukizibika, penye vyombo vya kuuzibua waganga wanaweza kujaribu mpaka karibu saa 24. Vitu hivyo haviko kila mahali kwetu. Hata hivyo kufika mapema kunafaa: kuna hewa ya oksijeni, kuna kuangalia kumeza, kuna kugeuza mgonjwa kila saa 2. Na mjue jambo moja juu ya skana: ile ya kawaida inaona vizuri damu iliyomwagika, lakini mshipa uliozibika katika shina mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Karatasi ikisema «hakuna kitu» na mgonjwa bado anaanguka upande mmoja, mwaminini mgonjwa.

Juu ya kujikinga sitasema mengi, mmeshayasikia. Tansio ipimwe: kuanzia 14 juu ya 9 (mashini nyingine zinaandika 140/90) ni kubwa, ikirudia hivyo. Dawa zake zinanywewa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kwa mtu mzima, na makayabu peke yake yanaweza kuimaliza yasipolowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa. Tumbako iachwe.

Mgonjwa wa kulehemu alianza kumeza vizuri baada ya majuma kadhaa. Alifundishwa kula akikaa wima, kidevu chini, bukari laini, tonge ndogo. Maji safi yalikuja mwisho, kwa sababu maji ndiyo magumu kwa koo kuliko uji mzito. Ganzi ya joto ilibaki, na wengi inabaki nao kwa miaka. Kwa hiyo nyumbani maji yake ya kuoga yanajaribiwa na mkono wa mtu mwingine, au na mkono wake wa kuume, na kazini hakurudishwa kwenye moto bali stoo ya vyombo. Kwa madereva wa makamioni makubwa tunafanya hivi: anayeona viwili hapandi, hata akisema kwamba akifunika jicho moja anaona vizuri. Jicho moja halipimi umbali wa ukingo wa barabara ya shimo, na kamioni yenye mzigo haisimami kwa maombi. Anangoja mpaka macho yatembee pamoja, munganga aandike, kiisha anajaribiwa uwanjani mtupu, mchana, pamoja na dereva mwingine kando yake.